Mfumo endeshi utengewe GB ngapi?

Wewe unayesakinisha mfumo endeshi kwa mara ya kwanza, usichukue tarakimu iliyoandikwa kwenye mahitaji ya chini ukaiweka vilevile kwenye patisheni, yaani sehemu ya diski unayoutengea mfumo. Windows 11 inadai GB 64, na Ubuntu ya mezani inapendekeza GB 25. Kwa nafasi hiyo mfumo utaingia na kuwaka, lakini kuwaka siku ya kwanza si kazi kubwa. Pima nafasi kwa kuangalia siku ya sasisho kubwa.

Siku hiyo Windows hupakua toleo jipya, hulifungua pembeni ya lile la zamani, kisha la zamani huhifadhiwa ndani ya folda ya Windows.old kwa siku 10 ili uweze kurudi nyuma mambo yakiharibika. Kwa siku hizo diski inabeba mifumo miwili. Aliyetenga kiasi cha chini hukwama hapo: sasisho linagoma, anaanza kufuta picha na nyaraka zake mwenyewe, na bado haitoshi.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii ni kwamba ukiongeza RAM, diski nayo inaliwa. Windows hutunza faili inayoitwa hiberfil.sys, ya kuhifadhia yaliyomo kwenye RAM kompyuta inapolala, ambayo kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya RAM. Mashine ya GB 32 inapoteza hapo karibu GB 13 kabla hujaweka programu hata moja, na pagefile.sys, faili inayosaidia RAM inapojaa, haijahesabiwa. Faili hizi zimefichwa, ndiyo maana ukijumlisha folda unazoziona hesabu haikubali. Kwenye Linux, ukitaka kompyuta ilale kwa kuandika RAM yote kwenye diski, tenga swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) isiyopungua ukubwa wa RAM.

Kumbuka pia kwamba diski iliyoandikwa GB 256 itaonekana kama GB 238 ndani ya Windows. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Kwa maoni yangu, Windows ya kazi za kila siku ipewe GB 120 kwenda juu, mbali na faili zako binafsi. Linux ya mezani ipewe GB 50. Seva ya Linux isiyo na mwonekano wa madirisha, inayoendeshwa kwa amri za maandishi tu, inaishi vizuri ndani ya GB 20, mradi data zake zikae kwingine. Kwenye seva kinachovimba ni folda ya /var: logi (kumbukumbu za matukio), hifadhidata, kontena (programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa). Ukiiacha /var ndani ya mzizi, yaani patisheni kuu ya mfumo, programu moja inayoandika makosa usiku kucha inaweza kujaza diski nzima, na asubuhi huduma zote zimesimama.

Ukitenganisha /boot, folda ya Linux yenye faili za kuwashia mfumo, usiibane. Kila keneli mpya (kiini cha mfumo) huja na faili yake ya initrd, inayosaidia mfumo kuwaka, na hiyo peke yake inaweza kuzidi MB 100. Ushauri wa zamani wa kuipa MB 200 umepitwa. Ipe GB 1. Ikijaa, sasisho hukatika katikati, na hapo utahitaji kuondoa keneli za zamani kwa `apt autoremove` (kwenye Ubuntu na Debian) kabla ya jambo lingine lolote.

Kama una kompyuta unayoitumia tayari, usikisie. Kwenye Linux andika `df -h`, au fungua sehemu ya hifadhi kwenye mipangilio ya Windows, uone mfumo na programu vimekula kiasi gani. Zidisha mara mbili.

Na amua kabla ya kusakinisha, kwa sababu kupanua C:, patisheni ya Windows, baadaye si rahisi kama inavyosemwa. Zana ya Windows yenyewe inataka nafasi tupu iliyo mara tu baada ya C:, na mara nyingi mahali hapo pameshakaliwa na patisheni ya urejeshaji. Unaweza kuwa na GB 100 tupu mwishoni mwa diski, na kitufe cha kupanua kikabaki kimefifia.