Nyonga ya bandia: "imara" ni nyuzi ngapi?

Barua za safari hii zote ni za nyonga ya bandia, na karibu zote zinagusa ugonjwa uleule: ripoti ya upasuaji inayoishia na maneno "nyonga ni imara" bila namba hata moja. Kwa msomaji mgeni: nyonga hiyo ina kikombe kinachokaa kwenye fupanyonga, na shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja, lenye shingo na kichwa cha mviringo kinachozunguka kikombeni. Nyuzi ni za pembe.

Daktari anayesomea upasuaji wa mifupa, Mbeya: Nikisharudisha nyonga kwa vipande vya majaribio, kabla ya kuweka vile halisi, nipime mikao mingapi, na niishie wapi?

Mitatu. Kabla ya wa kwanza, toa vishikilio vyote (vyuma vinavyopanua kidonda) kwenye kidonda. Kishikilio kilichosahaulika mbele ya kikombe kitakuonyesha mgongano ambao haupo.

Anza kwa kunyoosha mguu, urudishe nyuma kidogo, kisha uzungushe kwa nje. Hapo unatafuta kuteguka kwa mbele. Weka kidole nyuma, kati ya shingo ya shina na ukingo wa kikombe. Kidole kitahisi vinagongana kabla jicho halijaona kitu. Unafuata mkao wa mtu aliyelala ubavu: nyonga imekunjwa kama nyuzi 45, goti limevuka kwenda upande wa pili, mguu umegeukia ndani. Mwisho kunja nyonga hadi nyuzi 90, kisha zungusha ndani polepole. Kichwa kikianza kunyanyuka kutoka kwenye kikombe kabla ya kufika nyuzi 45 za mzunguko, usifunge kidonda. Simama pale kinapoanza kunyanyuka, usikitegue chote. Soma nyuzi, taja kwa sauti, ziandikwe ubaoni.

Kikinyanyuka mapema, tafuta kwanza kinachokisukuma. Mara nyingi ni mfupa uliootea kwenye ukingo wa mbele, au kapsuli (mfuko unaofunika kiungo) nene ya mbele, na paja linaegemea hapo kama mtaimbo. Ondoa kinachozuia, pima upya. Wengi hukimbilia kubadilisha kichwa waweke cha shingo ndefu zaidi. Matokeo yake mguu unarefuka, neva kubwa inayopita nyuma ya nyonga inavutwa, na mgongano unabaki palepale. Tena baadhi ya vichwa virefu vina kola (ukosi wa chuma) inayonenepesha shingo, kwa hiyo vinagonga mapema zaidi. Kama tatizo ni ulegevu wa misuli, fikiria kwanza shina linalosogeza paja nje bila kurefusha mguu.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Iringa: Ili kuokoa muda, naweza kufungua kichwa halisi daktari akiwa bado anajaribu?

Hapana, dada. Kifungue baada ya kipenyo na urefu wa shingo kutamkwa, nawe ukavirudia kwa sauti. Kichwa cha milimita 32 hakiingii kwenye kikombe cha 28, kwa hiyo kosa hilo litajionyesha lenyewe. Cha 28 kwenye kikombe cha 32 kinaingia bila shida, na hilo ndilo la kuogopa.

Daktari, Njombe: Nilipima kwenye eksirei, kikombe kimeinama nyuzi 40 na kimegeukia mbele nyuzi 15. Kwa nini nyonga imeteguka?

Kwa sababu namba hizo si kinga. Zinatokana na utafiti wa daktari Lewinnek na wenzake wa mwaka 1978: nyonga 300, zilizoteguka 9. Waliweka mipaka ya 40 na 15, kila moja ikiruhusiwa kuzidi au kupungua nyuzi 10. Tangu hapo imeonekana mara nyingi kwamba vikombe vya waliotegukwa vilikuwa ndani ya mipaka hiyohiyo.

Kikombe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni shina limegeukia wapi, na vyote viwili hupimwa kwa pamoja palepale mezani. Nyoosha nyonga, zungusha mguu ndani mpaka kichwa kikae sawasawa na uso wa kikombe, kisha soma mguu umegeuka kiasi gani. Tarajia kati ya nyuzi 25 na 45, wanawake wakielekea juu. Ukipata 10, mikao uliyopima itakuwa imeshakuonya.

Angalia na mgongo. Mzee ambaye uti wa mgongo wake wa chini umekakamaa, akiketi fupanyonga lake halilali nyuma inavyopasa, na paja linagonga mbele. Mpige picha ameketi na amesimama kabla ya upasuaji. Fanya hivyo hata kama foleni ni ndefu.

Mafinga: Nikivuta mguu, kichwa kitoke kwenye kikombe kwa milimita ngapi?

Hili limeshajibiwa hapa mara tatu. Milimita chache, mbili hadi tano hivi, mkikumbuka kwamba ganzi imelegeza misuli. Anayerefusha mpaka pengo liishe kabisa, mgonjwa wake ataamka na mguu mrefu. Hakiki kinyume chake: nyoosha nyonga, kunja goti nyuzi 90, uachie. Muundi ukiruka mbele wenyewe, umekaza kupita kiasi.

Makete: Mwezi wa saba saruji ya mifupa inachelewa kukauka. Tupime uimara wa nyonga kabla haijakauka?

Msipime. Baridi huichelewesha, na jedwali la mtengenezaji lina safu ya kila joto la chumba. Tundikeni kipimajoto ukutani, na pakiti za saruji zilale humo chumbani tangu jana yake. Bonge la saruji lililobaki mkononi liwe gumu kabisa kwanza. Ndani ya mwili inawahi kidogo kwa sababu ya joto, kwa hiyo bonge hilo halitawadanganya kwa ubaya.

Kwa shina lisilo na saruji: shika mpini wa tupa ya mwisho (kifaa kinachochonga nafasi ya shina ndani ya paja), usokote. Paja zima lizunguke nayo. Shina halisi likizama chini kuliko tupa ilivyosimama, chunguza shingo ya paja, huenda imepasuka. Funga waya kabla ya kuendelea.

Tukuyu: Shikamoo daktari. Mama amewekewa nyonga mwezi uliopita. Ameambiwa "asiiname sana", na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Sana ni kiasi gani?

Marahaba, mwanangu. Jibu lilipatikana siku ile mezani, na ilipasa liwe kwenye karatasi mliyopewa. Rudini mwombe mambo matatu kwa maandishi: kidonda kilipitia mbele, ubavuni au nyuma, kipenyo cha kichwa, na nyuzi ambazo nyonga ilianza kunyanyuka katika kila mkao. Ni haki yake, na mtaalamu wa viungo hawezi kumpangia mazoezi bila hayo.

Kwa sasa asichuchumae kabisa. Seremala awatengenezee kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikae juu ya tundu, kirefu kiasi kwamba akiketi magoti yanakuwa chini ya nyonga. Kigoda cha jikoni akiache, na alale na mto katikati ya magoti. Maumivu yakija ghafla, mguu ukafupika na kugeukia ndani, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, asivutwe na mtu nyumbani. Na msimpe uji njiani, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi ili arudishiwe.