Maswali ya wasomaji: Boksi la Bogart na Bacall, lipi la kununua?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mzee wangu anapenda sana muvi za zamani hasa za Humphrey Bogart, nataka nimpe zawadi zile alizocheza na mkewe Lauren Bacall. Kaka yangu yuko Marekani anakuja mwezi ujao anaweza kunibebea. Shida onlaini nakuta seti nyingi, zingine zimeandikwa Bogart peke yake, zingine wote wawili, nimechanganyikiwa. Nimwambie anunue ipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Salama kabisa, na mzee mpe shikamoo yetu. Anza na hili: kama wahusika wakuu wale wawili walicheza pamoja muvi nne tu za sinema, zote za studio ya Warner Bros. Kuna To Have and Have Not ya 1944, The Big Sleep ya 1946, Dark Passage ya 1947 na Key Largo ya 1948. Seti ikiwa na majina yao wote kwenye kava halafu hizo nne hazijatimia, achana nayo. Na kuwa makini, kuna boksi la Blu-ray (diski zenye picha kali kuliko DVD) la 2014 linaitwa The Best of Bogart, zuri sana, ndani yake ipo Casablanca na ipo The Maltese Falcon, ila Bacall hayumo hata kwenye muvi moja, sasa ukimletea mzee hilo utakua hujampa ulichokusudia.

Kwenye DVD kuna boksi la 2006 linaitwa Bogie & Bacall: The Signature Collection, lina zote nne. Bei yake huwa ya kuvutia lakini mi nakwambia usikimbilie, maana DVD nyingi za Warner zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zimekua zinaoza ndani kwa ndani, kwa macho unaona diski safi haina hata mkwaruzo, unaweka inaanza vizuri halafu katikati inagoma, na 2025 kampuni yenyewe ilikiri kwamba tatizo lipo. Kwa hiyo kaka atafute Blu-ray za Warner Archive, yaani tawi la Warner linalotoa upya muvi za zamani, zilitoka moja moja, The Big Sleep 2015 na tatu zilizobaki 2016. Picha zake zimesafishwa vizuri mno, ule weusi na weupe unauona kama ulivyokusudiwa. Na zile kanda za video za miaka ya 80 zilizopakwa rangi na kompyuta usizibebe hata kwa bure, sura za watu zimekua kama zimepakwa poda na vivuli vyote vimekufa, wakati muvi hizi zimejengwa juu ya vivuli.

Sasa kwenye The Big Sleep ndo penye utamu wenyewe. Muvi hii ilipigwa kuanzia mwishoni mwa 1944 mpaka mwanzoni mwa 1945, ikawekwa kabatini, kwa sababu Vita ya Pili ya Dunia ilikua inaelekea kuisha na studio ilikua na muvi nyingi za vita ambazo zingepitwa na wakati, ikabidi hizo zitoke kwanza. Wakati inasubiri, toleo lile la mwanzo wakaonyeshwa wanajeshi wa Marekani huko nje. Hapo katikati Bacall akacheza Confidential Agent bila Bogart, wachambuzi wakamsema vibaya sana, yaani mwaka uliotangulia alikua nyota mpya ghafla anaonekana hajui kuigiza. Ndipo wakala wake Charles Feldman akamwandikia bosi Jack Warner kumwomba waongeze vipande vya Bogart na Bacall wakichokozana kwa maneno kama kwenye muvi yao ya kwanza. Wakarudi kamerani Januari 1946, na safari hii wameshaoana, ndoa ilifungwa tarehe 21 Mei 1945 kwenye shamba la mwandishi Louis Bromfield kule Ohio. Maongezi yao ya mbio za farasi pale mezani, ambayo kila mpenzi wa muvi hii anayajua, yaliingia hapo, na kipande kimoja kirefu ambacho mpelelezi Marlowe (ndo Bogart) anaelezea kesi nzima ilivyokaa kikakatwa.

Matokeo yake toleo la 1946 kesi yenyewe ni ngumu kuifuatilia ila hao wawili wanawaka moto, la 1945 linaeleweka zaidi ila limepoa. Hilo la 1945 watu wa kawaida walikuja kuliona sinema 1997. Diski ya Warner Archive ina matoleo yote mawili, dakika 114 na dakika 116, na kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kua sababu ya kununua diski badala ya kutafuta kipande mtandaoni, maana unakaa unaona kabisa jinsi watu wawili wanaopendana walivyogeuza muvi nzima. Mwambie mzee aanze na ya 1946, nyingine aangalie siku nyingine.

Ila kabla ya hiyo mwekee To Have and Have Not. Bacall alikua na miaka 19, muvi yake ya kwanza kabisa, Bogart ana 44. Binti alikua anatetemeka kwa woga hadi akagundua akiinamisha kidevu na kuangalia kwa juu kichwa kinatulia, na lile jicho likampa umaarufu dunia nzima. Dark Passage mtahadharishe mapema, kwa karibu saa nzima uso wa Bogart hauonekani, mwanzoni kamera ndo macho yake, halafu baada ya upasuaji wa sura anakaa na bandeji usoni. Key Largo hata wasioipenda mapenzi wataipenda kwa ajili ya Edward G. Robinson kama jambazi, na Claire Trevor alichukua Oscar humo.

SWALI: Rafiki yangu alinitumia DVD kutoka Toronto, deki yangu haiikubali kabisa. Diski mbovu au deki? – Msomaji, Muscat

JIBU: Huenda vyote vizima. DVD zimegawanywa kwa maeneo, kila eneo na namba yake: Marekani na Kanada ni 1, Oman na Ghuba mko 2 pamoja na Ulaya, Afrika Mashariki sisi ni 5. Tafuta deki inayosoma namba zote. Kwenye Blu-ray ni herufi, Amerika A, Ulaya, Afrika na Ghuba B, ila nyingi za Warner Archive hazina kizuizi (na ndugu yetu wa Tanga asome hapa, kaka aangalie nyuma ya kava kabla hajalipa).

SWALI: Mbona The African Queen haimo kwenye boksi la Bogart na Bacall? Na ni kweli meli yetu Liemba imo kwenye hiyo muvi? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Haimo kwa sababu Bogart aliicheza na Katharine Hepburn, tena haikutengenezwa na Warner. Lakini Bacall alikuwepo, alifuatana na mumewe mpaka Kongo na Uganda 1951 wakati wa kupiga picha, na ndo muvi pekee iliyompa Bogart Oscar. Liemba yenyewe haionekani. Ilijengwa Ujerumani ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, na mapigano ya Ziwa Tanganyika kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia ndo iliyompa C. S. Forester wazo la riwaya ambayo muvi imetoka. Boti dogo la kwenye muvi ni lingine, lilikua likifanya kazi Ziwa Albert na sasa liko Key Largo, Florida. Marekani DVD yake ilichelewa hadi 2010, ikatoka pamoja na Blu-ray baada ya kusafishwa upya, hiyo ndo uitafute.