Taka Ikivuka Geti Bado Ni Yako

Kama umeajiriwa juzi kusimamia mazingira katika gereji ya malori au kiwanda pande za Changamwe, Shimanzi au Miritini hapa Mombasa, huenda umekabidhiwa faili nene ukaambiwa, "NEMA wakija, wape hii," yaani mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira. Faili liweke kwanza. Toka nje, zunguka nyuma ya stoo, pale wageni wasipopelekwa. Kazi yako iko huko.

Mimi nilianzia gereji ya malori ya makontena. Nyuma ya stoo, chini ya mkungu, nilikuta mapipa ya oili chafu, betri zimepandana, matambara yaliyolowa grisi, madebe ya rangi na thina, na tyubu za taa zilizoungua, vyote mahali pamoja. Nikadhani kazi yangu ni kutafuta mtu wa kuviondoa. Nilikosea, na makosa hayo sitaki uyarudie.

Tenganisha kwanza. Oili chafu ikiwa peke yake, wako wenye leseni ya kuichukua na kuisafisha au kuitumia vingine. Fundi mmoja akimiminia thina humo, pipa zima linakuwa taka nyingine, ngumu na ghali kuiondoa. Betri zina asidi na risasi, ile metali nzito yenye sumu: zikae wima juu ya palati, chini ya paa. Tyubu za taa zina zebaki, zirudishe katika makasha yake zisivunjike. Asidi isikae karibu na dawa ya kufulia nguo nyeupe, kwa maana vikikutana hutoa gesi ya klorini. Na lebo ibandikwe siku ile pipa linapoanza kujazwa, maana baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka kilichomo.

Huku pwani chumvi ya hewani hula chuma upesi, basi kagua matako ya mapipa kila wiki. Yazungushie kijiukuta cha saruji kisichovuja. Kipimo kinachotumika sana ni kijiukuta kiweze kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote. Pipa la lita 200 linataka nafasi ya lita 220. Lakini kipimo hicho hakina maana bila paa. Sisi tulikuwa na kijiukuta kizuri, paa hatukuweka. Mwezi wa Mei mvua ya masika ikapiga usiku kucha, maji yakajaa mle ndani, oili iliyokuwa imevuja ikaelea juu, ikafurika hadi mtaroni, na mtaro ule unateremkia kwenye mikoko. Siku tatu tulikuwa tukikusanya kwa mchanga na maranda, na maranda yale nayo yakawa taka hatari ya kutafutiwa pa kwenda. Mama mmoja anayeokota chaza pale aliniuliza, "Mwanangu, hii itaondoka lini?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo swali lile ninalo.

Sasa njoo getini. Hapo ndipo utakapojaribiwa zaidi kuliko na mkaguzi yeyote. Majirani watakuja kuomba oili chafu ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Watakuja pia kuomba majerikeni matupu. Ni watu wema, mnasalimiana kila asubuhi, na kuwakatalia kunauma. Kataa, na ueleze sababu. Oili ile itaingia ardhini, na mji huu watu wengi wanakunywa maji ya visima. Jerikeni lililokuwa na dawa ya kuondolea kutu likitoka getini leo, kesho liko kwenye mkokoteni wa muuza maji. Langu halitoki stoo kabla sijalitoboa kwa msumari kila upande.

Sisemi haya kwa kutishia. Owino Uhuru iko hapa hapa kwetu, kijiji cha jirani na Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi pale tangu 2007 hadi 2014, na risasi ikaingia katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, hukumu ikatenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Betri zile zilitoka kwenye magari na maghala ya watu waliodhani wameshamalizana nazo.

Kwa hiyo mchukuzi wa taka usimchague kwa bei peke yake. Omba leseni yake ya NEMA, tazama mwaka wake, tazama aina ya taka aliyoruhusiwa kubeba, kisha linganisha na namba ya lori lililosimama mbele yako. Mara ya kwanza panda gari ulifuate hadi linakoshusha. Kanuni za usimamizi wa taka zinadai hati ya kufuatilia taka: wewe unasaini, mchukuzi anasaini, anayepokea anasaini. Nakala yenye saini ya tatu ndiyo yenye thamani, na mimi simalizi kulipa kabla haijarudi mkononi. Ikirudi, hesabu. Yakitoka mapipa sita na karatasi ikasema yamepokewa matano, piga simu siku hiyo hiyo, dereva akiwa bado anakumbuka alisimama wapi.