Talaka mahakamani inachukua muda gani?
Umeuliza talaka mahakamani inachukua muda gani, inategemea kama mnakubaliana au mnagombana. Kama mshaelewana mali na watoto hapo ni miezi tu, na mingi ya hiyo ni kusubiri kisheria, mfano Uingereza na Wales toka 2022 unakaa wiki 20 kabla ya amri ya kwanza halafu wiki 6 tena ndo ndoa ivunjwe rasmi, California haitoki chini ya miezi 6 hata muwe mmeachana kwa amani vipi.

Sasa mwenzako akigoma ndo utajua. Kwanza lazima afikishiwe wito, na kuna watu wanakwepa kweli, mleta wito anagonga mlango, ndani tivii inasikika ila hakuna anayefungua. Kisha nyumba iko jina la mmoja, mwingine anadai alichangia, anatakiwa mthamini, risiti, stetimenti za benki, kitu kimoja kikikosekana kesi inaahirishwa. Watoto ndo wanavuta zaidi maana hapo watu wanabishana kwa hasira sio kwa hoja, mwaka unapita hivihivi, hata zaidi.

Mi ningesema tafuteni msuluhishi mmalize la watoto kwanza, cheti cha ndoa na makaratasi ya mali uyakusanye mapema kabla hujafungua kesi, na wakili anayekuchochea mgombane mkimbie, wengine wanalipwa kila wakienda mahakamani.