Muulize Mwalimu: Kalkulasi na glasi ya 81

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi niko mwaka wa kwanza BCom (digrii ya biashara), fomu siksi nilisoma HGE (historia, jiografia na uchumi), BAM, ile hesabu ya lazima, nikapita kwa kubahatisha tu we acha. Sasa tumeletewa kalkulasi ya biashara, nadifrenshieti mpaka naota usiku ila sijui nafanya nini. Hivi mfanyabiashara gani wa Kariakoo anadifrenshieti? Mama yangu ana duka miaka 20, hajui x wala y na katusomesha wote. Nianzie wapi? (Niliyechoka, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama yako anadifrenshieti kila siku, jina tu ndo hajaambiwa. Mteja akimwambia "nimechukua katoni 10, ukinipunguzia nabeba na ya 11", anachopiga kichwani pale sio faida ya duka zima, anajiuliza hii moja ya ziada itaniingizia ngapi na imenigharimu ngapi. Basi, hiyo ndo majinali revenyu na majinali kosti wanazokutisha nazo.

Tuchukue juisi ya miwa. Tuseme ukiuza glasi moja kwa shilingi 1,500 wanakuja watu 50 kwa siku, ukiuza kwa 1,000 wanakuja 100, yaani kila ukishusha shilingi 10 anaongezeka mmoja. Muwa, ndimu na barafu vinakula 400 kwa glasi, alafu kuna 20,000 ya kila siku ya fremu na kijana wa kusaga, uuze usiuze. Q ikiwa idadi ya glasi, bei ni 2,000 toa 10Q, kwa hiyo mapato ni 2,000Q toa 10Q². Difrenshieti, yaani tafuta mapato yanabadilika kiasi gani Q ikiongezeka kidogo, upate 2,000 toa 20Q, iweke sawa na 400 ambayo ni gharama ya glasi ya ziada, Q inatoka 80 na bei 1,200. Faida 44,000.

Sasa usiniamini, kokotoa kwa mkono. Mapato ya glasi 79 ni 95,590, ya 80 ni 96,000, ya 81 ni 96,390. Glasi ya 80 imeleta 410 na imekugharimu 400, sawa, umebakiwa na kumi. Ya 81 imeleta 390 kwa gharama ileile 400, umeshaanza kujila mwenyewe, na hapo foleni inazidi kuwa ndefu unajiona biashara imechanganya! Ukienda mpaka glasi 100 mauzo yanafika 100,000, hayawezi kuzidi hapo, ila faida imeshuka mpaka 40,000. Mfaransa Cournot, ambaye mwaka 1838 alitumia kalkulasi kwenye uchumi, alianza na mtu mwenye chemchemi ya maji ambayo kuyatoa hakumgharimu kitu, na huyo kweli apandishe mauzo mpaka kileleni, lakini wewe miwa unanunua.

Kitu ambacho mi kilinigeuza kichwa ni hiki. Mwenye fremu anapandisha kodi, ile 20,000 inakuwa 30,000. Wengi wetu tungefanya nini? Tungepandisha bei. Angalia hesabu: namba isiyo na Q ukiidifrenshieti inakuwa sifuri, inapotea kabisa, jibu linabaki 80 kwa 1,200. Faida itashuka mpaka 34,000, inauma, ila ukipandisha bei iwe 1,500 kwa hasira utabaki na 25,000, yaani umempa mwenye fremu elfu kumi yake alafu ukatupa elfu tisa yako. Kama hata 34,000 hailipi, hapo swali ni ufunge au uhame, bei haihusiki.

Kuhusu kuanzia wapi, rudi kwenye aljebra ya kidato cha pili. Nimesahihisha mitihani mingi na naona wanaofeli kalkulasi wengi wanafelishwa na vipeo, sehemu na kufungua mabano, difrensiesheni yenyewe wanaijua. Kila swali chora grafu kwa penseli kwanza na uandike Q ni nini, glasi au katoni. Intigresheni itakuja baadaye, ni kurudi kinyumenyume tu kutoka gharama ya glasi mojamoja kwenda gharama ya jumla (na hapo ile 20,000 iliyopotea inabidi uirudishe mwenyewe, usisahau).

SWALI: Mimi fundi wa kuchomelea, nasoma digrii ya jioni. Sini na kosini nazo nikariri?

JIBU: Fundi, weka pembeni, kwenye kalkulasi ya biashara hutakutana nazo karibu kabisa. Muda huo mpe e (ile namba ya 2.718 na kuendelea) na logi, maana ndo wenye riba. Milioni 1 kwa asilimia 10 kwa mwaka, riba ikiongezwa kila lahaza, mwisho wa mwaka ni kama 1,105,171, sio 1,100,000. Hiyo 5,171 ni riba iliyozaliwa na riba.