Barua kwa mwanangu: randa ya mguu wa kitanda

Mwanangu, mama,

Marahaba. Huku Tabora hatujambo, ila mvua bado na vumbi limezidi. Umeuliza mawili: kama chuma cha ile randa iliyopasuka mwili kinaweza kuvishwa mwili wa mbao au ununue mpya, na kwa nini hiyo uliyojaribu kuchonga inadundadunda juu ya ubao na kuacha mistari.

Usinunue. Kama chuma ni kizima, randa unayo. Kisugue kwanza kwa msasa ukione vizuri. Kutu ikiwa imekula vishimo karibu na makali, noa mpaka uvipite. Ukiona rangi ya buluu kwenye ncha, kuna mtu alikiunguza kwenye mashine ya kunolea. Ugumu umeondoka hapo, kwa hiyo ondoa sehemu hiyo yote, polepole, ukichovya maji kila mara. Wapo watakaokushauri uchukue springi ya gari. Springi inafaa sana kwa panga, lakini ni nene tena imepinda, na utamaliza tupa kabla hujapata chuma cha randa.

Mbao tafuta mguu wa kitanda cha zamani cha mninga, inchi tatu kwa tatu. Huko Kibirizi najua utapewa mabaki ya boti hata bila kulipa. Yaache. Mbao iliyoshinda majini ikianza kukauka haitabiriki. Mninga hausinyai sana, na mguu uliokaa chumbani miaka umeshamaliza kujikunja. Kabla hujatia msumeno, pitisha juu yake sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Misumari iliyokatika vichwa hujificha chini ya vanishi. Kisha tazama nyuzi ubavuni: kutoka mbele kwenda nyuma ziwe zinashuka kuelekea chini. Ukizigeuza, uso wa chini utakwaruzika mapema.

Kata urefu wa sentimita 25. Pasua mashavu mawili, kila moja unene wa sentimita moja, na kipande cha kati kibaki kipana kuliko chuma kwa milimita mbili hivi, ili upate nafasi ya kukisogeza kikikaa upande. Chuma chako ni cha inchi mbili, kwa hiyo mguu unatosha. Hicho cha kati ndicho unachokata mshazari: nyuma nyuzi 45, huo ndio mteremko wa kulalia chuma, na mbele nyuzi kama 60 ili maranda yapate njia ya kutokea.

Sasa hiyo ya kudunda. Chuma cha randa za chuma ni chembamba, kama milimita mbili, kwa hiyo kisipolala barabara kwenye mteremko, hasa kule chini karibu na mdomo, yaani upenyo wa kutokezea makali, kinanesa kila kikikutana na ubao mgumu. Wewe umeandika kwamba umekitumia pamoja na kile cha juu kinachofungwa kwa skrubu. Je, umeichimbia skrubu mfereji? Kichwa chake kinatokeza nyuma. Bila mfereji, chuma kinakalia skrubu, na chini kinaning'inia hewani hata ukikaza kabari namna gani. Nadhani ndicho kinachokusumbua. Chimba mfereji katikati ya mteremko kwa patasi, upana na kina vizidi kile kichwa kidogo, lakini usiufikishe mdomoni. Halafu paka masizi ya kibatari mgongoni mwa chuma, kibandike, kibonyeze, kiondoe. Palipochukua weusi ndipo palipoinuka. Paparue hapo tu. Rudia mpaka weusi uenee mteremko mzima. Kazi hii inachosha na wengi huiruka, ndiyo maana randa nyingi za kuchonga hutupwa zikiwa hazina kosa jingine.

Kuunganisha ni kwepesi. Toboa mashavu upitishe bolti ya kitanda kilekile, ya milimita 10, ukiacha nafasi ya kabari kati yake na chuma. Tia gundi nyeupe, funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vuta kwelikweli, ulale. Kesho yake kaza kabari chuma kikiwa ndani lakini makali yamerudishwa juu, ndipo usugue uso wa chini kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Ukisawazisha bila kabari, mwili utabadilika ukiikaza. Mdomo ufunguke taratibu kwa kusugua; ukibaki chini ya milimita moja, acha.

Kuongeza kina gonga chuma kidogo, kupunguza gonga kisigino cha randa, yaani ncha yake ya nyuma, kisha ukaze kabari. Tumia nyundo ya mbao.

Nakutumia kabari mbili za mkurungu kwa treni, zimo ndani ya gunia la mchele, pamoja na chupa ya asali ya mama yako, ambayo ukiishika unawe kabla hujashika gundi. Kabari nimeziacha nene makusudi. Zipunguze upande wa juu tu. Ule wa chini unaogusa chuma nimeshaunyoosha.

Baba yako