"Jirani gani!" Niliyojifunza nikiuliza watu kuhusu makabila mengine

Swali lenyewe lilikuwa la mstari mmoja: ungependa, hungependa, au hungejali kuishi jirani na mtu wa kabila tofauti na lako? Mwaka 2018 nililisoma mara mia kadhaa, kutoka Msambweni mpaka Kilifi, Pwani ya Kenya, nikiwa mdadisi wa kampuni moja ya utafiti, tableti mkononi na maji ya chupa yaliyokwisha kupata moto kufikia saa nne asubuhi. Karibu kila nyumba jibu lilikuwa lile lile: sijali, mradi tusikilizane. Nabonyeza, naenda mbele.

Huko Msambweni mama mmoja hata alinikatiza kabla sijamaliza kusoma. Ningependa sana, akasema, hapa tunao Wakamba, Wataita, na fundi baiskeli Mjaluo, wote ni watu wetu. Nikabonyeza "ningependa sana". Tulipomaliza akaniuliza naelekea wapi, nikamwonyesha nyumba zilizo nyuma ya shamba. "Kwa Wamakonde? Basi nenda mapema, urudi mapema." Nikamwambia, mama, si hao ni majirani zako? "Jirani gani! Wale ni watu wa mashamba."

Jibu lake lilikuwa limeshahesabiwa, na hakusema uongo. Sisi ndio tuliouliza vibaya. Ukimuuliza Mkenya kuhusu "kabila lingine", akili yake inakimbilia makabila makubwa, yale anayoshindana nayo kwa kura, kazi na viti. Jamii ndogo haimo kabisa kwenye picha hiyo. Kwa hiyo ukitaka kujua watu wanawaonaje Wamakonde, Wapemba, Wanubi au Wasomali, wataje kwa jina. Ushauri wangu mkubwa ni huo, na mengine yote nitakayosema yanauzunguka.

Kwa asiyejua, Wamakonde wa Kwale wazee wao walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa enzi za mkoloni, wengi wakitokea Msumbiji. Wajukuu wamezaliwa Kenya, wakasoma Kenya, wakaishi bila kitambulisho mpaka Oktoba 2016 walipoamua kwenda Nairobi kwa miguu kumwona rais. Baada ya hapo wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Ng'ambo ya mpaka, Mtwara, Wamakonde ni wengi na hakuna anayewashangaa. Uchache si sifa ya kabila, ni suala la umesimama wapi. Kwa hiyo hata orodha ya majina haiwezi kuwa moja kwa nchi nzima. Jina linalomgusa mtu wa Kwale halimgusi mtu wa Turkana.

Kuna tatizo la hesabu pia, na hili huwa nawapigia makelele wanafunzi wanaoniomba niwasomee dodoso zao. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Waelmolo wa Ziwa Turkana walikuwa 1,104. Sampuli ya taifa iliyo nzuri, ya watu 2,400, inakupa wigo wa makosa wa kama asilimia 2 juu au chini, na kwa mambo ya nchi nzima inatosha. Lakini ili utarajie kumkuta Muelmolo mmoja tu, ungehitaji kuhoji kama watu 43,000. Kwa hiyo tafiti hizi zinapima wenye wingi wanawaonaje wachache. Wachache wenyewe, kama wamenyimwa nyumba, kama mtoto ametaniwa shuleni, hawamo. Ukitaka wamo, tenga sampuli ya ziada kule wanakoishi, kisha uipunguzie uzito unapojumlisha ili isivimbishe hesabu ya taifa. Ni gharama. Basi usipoweza, angalau usiandike kwenye ripoti kwamba umepima "uhusiano" wa jamii hizo mbili, maana umesikiliza upande mmoja.

Sasa lile "sijali". Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ambao umekuwa ukihoji Waafrika tangu 1999, ulitoa matokeo ya nchi 33 mwaka 2016: asilimia 91 walionekana kuwavumilia majirani wa kabila jingine. Idadi hiyo inawaweka kapu moja waliosema wangependa na waliosema hawajali, na walieleza wazi kwamba wamefanya hivyo. Siwalaumu. Ila mimi niliyesikia "sijali" kwa masikio yangu najua ina nyuso nyingi. Yupo anayesema sijali akimaanisha binadamu ni binadamu. Mwingine anaisema huku akiangalia paa: "Nitafanyaje, nyumba si yangu, mwenye nyumba hupangisha anayemtaka." Huyo wa pili hana uvumilivu wowote, ni mpangaji tu. Unaposoma ripoti, usiridhike na jumla. Tafuta jedwali linalotenganisha wanaopenda na wasiojali.

Njia ya kulikwepa hilo ni ya zamani kuliko wengi wetu. Mwanasosholojia Mmarekani Emory Bogardus aliianzisha miaka ya 1920: badala ya swali moja, unampandisha mtu ngazi. Ungekubali mtu wa jamii hii awe raia wa nchi yako? Mfanyakazi mwenzako? Jirani? Rafiki? Aoe kwenu? Utashangaa wanakokwama. Watu wa kwetu walioruka jirani kwa furaha walisimama ghafla kwenye ndoa, na wengine walisimama kwenye kiwanja, kipimo ambacho Bogardus hakukiweka. Pwani ya Kenya ardhi ni kidonda. Uliza "ungemuuzia kiwanja?" na tableti yako itapata majibu ya kweli.

Maneno nayo yatakusaliti. Dodoso letu lilitafsiriwa Nairobi na lilikuwa na swali kuhusu "wageni", likikusudia watu wa nchi nyingine. Kwetu mgeni, mtu wa kuja, anaweza kuwa mbara aliyefika juzi kutoka Murang'a na kitambulisho chake mfukoni. Kuna aliyenijibu kuhusu Wasomali wa Garissa, Wakenya halisi, kana kwamba wamevuka mpaka jana. Na "kabila" je? Wakenya wenye asili ya Asia walitangazwa kabila la 44 mwaka 2017, lakini jaribu kumuuliza mtu wa Ukunda kuhusu "kabila la Wahindi" uone atakavyokukodolea macho. Kabla ya kuanza kazi, kaa na watu watano wa mahali penyewe, uwaulize neno hili limewaletea nani kichwani. Siku moja inatosha.

Halafu kuna wewe mdadisi. Kenya jina la pili hukutangulia mlangoni. Mimi nilipojitambulisha niliulizwa "wa wapi?" kabla ya kukaribishwa kiti, na nikisema Digo, Mdigo mwenzangu alifunguka kuhusu wabara mpaka nikaona aibu. Mwenzangu Mkikuyu alifanya nyumba za mtaa ule ule, akarudi na majibu ya asali tupu. Tukicheka jioni tulijua, lakini kampuni haikuwa imeweka mahali pa kuandika kabila la mdadisi, kwa hiyo tofauti ile ilizama. Iandikeni. Andikeni pia kama kulikuwa na mtu mwingine anasikiliza, maana barazani haukosi shemeji. Na tangu sheria ya utangamano ya 2008, watu wanajua matamshi ya chuki yana kesi. Wengi waliniuliza kama nimetumwa na serikali. Anayedhani wewe ni serikali hawezi kukwambia hamtaki mtu.

Kwa hilo kuna mbinu ya orodha. Nusu ya watu wanasomewa mambo matatu yanayoudhi, nusu nyingine wanasomewa yale yale na la nne, lile zito. Unamwomba mtu akutajie idadi tu, mambo mangapi yanamuudhi, bila kusema yapi. Tofauti ya wastani wa makundi mawili ndiyo jibu lako. Marekani mwaka 1991 jambo la nne lilikuwa familia ya watu weusi kuhamia jirani, na kwa njia hiyo kama asilimia 42 ya wazungu wa Kusini walionekana kukasirishwa. Inahitaji watu wengi, na inahitaji mazoezi. Nilipoijaribu Kwale, mzee mmoja alinihesabia kwa vidole: "Matatu. La kwanza, la tatu, na hilo la mwisho la hawa jamaa." Siri ikaishia hapo.

Usidhani basi kwamba watu huficha ubaya siku zote. Miaka ya 1930 mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na mume na mke Wachina, akaingia nao hoteli na mikahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye akaziandikia barua kuuliza kama zingepokea Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Yule mama wa Msambweni naye, kwa taarifa yako, nilimkuta Ijumaa gulioni akinunua muhogo kwa mama wa Kimakonde, wakibishana bei kama mtu na dada yake.

Tableti yetu haikuwa na nafasi ya kuandika hayo. Ilikubali namba kuanzia 1 mpaka 5. Nilikuwa na daftari la shule la kurasa 96, nikaandika kila jioni kabla ya kulala: nyumba, jibu, na alichosema mtu baada ya mimi kusimama kuondoka. Kampuni haikuliomba. Ukienda uwanjani, nunua lako.